Ngazi 12 Ugawe Mwenyewe

Katika Baldur's Gate 3 ninacheza na mwanamke mwenye damu ya joka, mabega mapana, upanga mkononi na gambusi mgongoni. Nimempa jina la Mwanakheri. Ameapa kiapo cha paladini, yule askari anayepigana kwa nguvu ya kiapo chake, lakini ngazi zake nyingi amezipanda kama malenga. Kaka yangu, ambaye mhusika wake ni mpiganaji mtupu tangu mwanzo hadi mwisho, huona hiyo ni fujo. Mimi naona ni hesabu nzuri kuliko zote zilizomo katika gemu hii.

Gemu yenyewe ilitolewa mwaka 2023 na Larian Studios ya Ubelgiji. Sheria zake zimetokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Kuna fani 12, na mhusika hupanda ngazi 12 tu, basi. Kila anapopanda, unaamua aendelee na fani yake au aonje nyingine. Katika Baldur's Gate ya kwanza, ya mwaka 1998, mambo yalikuwa magumu zaidi: binadamu aliyebadili fani hakuruhusiwa kutumia ujuzi wake wa zamani mpaka fani mpya iipite ile ya kwanza. Siku hizi hakuna adhabu ya namna hiyo. Gharama imejificha kwingine.

Nianze na faida. Paladini akifika ngazi ya 2 hupata pigo takatifu: upanga ukishampata adui, anaweza kuteketeza nafasi moja ya uchawi ili kuongeza maumivu. Nafasi ya daraja la 1 huongeza dadu mbili za pande nane, na ya daraja la 4 huongeza tano. Tatizo ni kwamba paladini mtupu, hata akiwa ngazi ya 12, ana nafasi 10 tu, tena zinaishia daraja la 3. Mwanakheri, mwenye ngazi 2 za upaladini na 10 za umalenga, ana nafasi 16, zinazofika hadi daraja la 6. Malenga huyu ni wa chuo cha mapanga, kwa hiyo naye hufundishwa kupiga mara mbili kwa zamu. Juu ya hayo, fani zote mbili hutegemea sifa moja, mvuto wa mtu. Sihitaji kugawa pointi zangu huku na huku. Hapo ndipo michanganyiko mingi huanguka: mchawi msomi hutegemea akili, paladini mvuto, na anayewaunganisha huishia na mtu wa wastani katika yote mawili.

Sasa gharama. Paladini wa ngazi ya 6 huwalinda wenzake walio karibu dhidi ya uchawi na sumu kwa nguvu ya mvuto wake. Mwanakheri hatapata ulinzi huo kamwe, na katika mapambano makubwa nauona upungufu wake. Vipaji vya ziada anavyo viwili, mwenzake mtupu ana vitatu. Na pigo la pili, ambalo paladini hulipata ngazi ya 5, yeye hulingojea hadi ya 8. Tena usidhani mapigo hayo hujumlishwa: ngazi 5 za upaladini na 5 za upiganaji bado ni mapigo mawili kwa zamu. Mpiganaji aliyevumilia hadi ngazi ya 11 ndiye anayepiga matatu, na kwa hilo kaka yangu ana haki ya kujivuna.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huu. Baki na fani moja mpaka ngazi ya 5, kwa sababu hapo karibu kila fani hupiga hatua kubwa. Kisha, kabla ya kuchanganya, soma fani yako inatoa nini katika ngazi ya 11 na ya 12, maana hicho ndicho unachokiuza. Usiogope kujaribu: Withers, maiti mzee anayehamia kambini kwako katika sehemu ya kwanza, hufuta chaguo zako zote kwa sarafu 100 za dhahabu, na uzoefu wako haupotei. Ila usichague kiwango chepesi kabisa cha ugumu, kwani humo mlango wa kuchanganya fani umefungwa.

Fani mbili zinatosha. Ya tatu iongeze pale tu unapoweza kutaja kitu kimoja hasa unachokifuata.