Kuchagua Ukubwa wa Sabufa ya Gari: Mara Mbili Inapokuwa Mara Nne

Mtahiniwa, chukulia kwamba kaka yako ni dereva wa teksi. Amejibana miezi kadhaa ili aweke sabufa kwenye gari lake dogo. Kwa kuwa wewe uko kidato cha nne, anakuuliza: "Mdogo wangu, ninunue moja ya inchi 12 au mbili za inchi 10?" Akikosea, fedha yake imepotea. Mjibu kwa Fizikia uliyosoma.

1. Eneo la koni

Inchi zinazotajwa dukani ni kipenyo. Lakini kinachosukuma hewa ni eneo la koni, na eneo la duara hutegemea mraba wa kipenyo. Basi linganisha miraba:

Inchi 10: 10 × 10 = 100
Inchi 12: 12 × 12 = 144

Sabufa ya inchi 12 ina eneo kubwa mara 1.44 kuliko ya inchi 10, si mara 1.2 kama wengi wanavyoandika. Mbili za inchi 10 zina 200, kwa hiyo zinaishinda moja ya inchi 12, mradi koni zote zinacheza umbali uleule.

2. Masafa ya sauti

Masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Sauti ikishuka kutoka 80 Hz hadi 40 Hz, hewa inayosukumwa lazima iwe mara nne ili besi isipungue. Ndiyo maana spika ndogo ya mlangoni haiwezi besi nzito.

Hata hivyo, gari lina msaada wake:

Urefu wa wimbi = mwendokasi ÷ masafa = 340 ÷ 40 = 8.5 m

Wimbi hilo ni refu kuliko nafasi iliyo ndani ya gari. Madirisha yakifungwa, koni huibana na kuilegeza hewa yote ya ndani, na besi huongezeka. Gari dogo halihitaji sabufa ya ukumbini.

3. Boksi

Hewa iliyo ndani ya boksi hufanya kazi kama springi. Boksi likiwa dogo mno, springi hiyo huwa ngumu, koni hukosa uhuru na besi ya chini hupotea. Koni kubwa kwenye boksi finyu ni hasara. Pima buti kabla ya kwenda dukani.

4. Mkondo wa umeme

Mkondo = nguvu ÷ volti

Amplifaya inayotumia wati 300 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampia 25. Ya wati 600 huvuta ampia 50. Joto kwenye waya hutegemea mraba wa mkondo, hivyo waya uleule sasa utapata joto mara nne. Gari linaweza kushika moto. Tumia waya mnene, na weka fyuzi karibu na betri.

Jibu kwa kaka

Mbili za inchi 10 zitatoa besi zaidi, lakini zinadai boksi kubwa na, zikipewa amplifaya kubwa, waya mnene zaidi. Buti la teksi ni la mizigo ya abiria. Kwake yeye, moja ya inchi 10 katika boksi la kipimo sahihi inatosha, na fedha inayobaki inunue waya na fyuzi.

Kumbuka: swali likitaja kipenyo, usilinganishe kabla ya kukipigia mraba. Na ukiambiwa "chagua", toa sababu. Jibu lisilo na sababu hupoteza alama.

Zoezi

(a) Eneo la koni ya inchi 12 ni mara ngapi ya koni ya inchi 8?
(b) Amplifaya ya wati 480 huvuta mkondo gani kwenye betri ya volti 12?

Majibu: (a) 144 ÷ 64 = mara 2.25. (b) 480 ÷ 12 = ampia 40.