Papua New Guinea na Bonde la Waadzera

Papua New Guinea ina eneo la kilomita za mraba 462,840, hivyo ni ndogo kuliko Kenya. Ilipata uhuru kutoka Australia tarehe 16 Septemba 1975. Mji mkuu ni Port Moresby, pesa zao ni kina, na huuza nje dhahabu, gesi, kahawa na kakao. Mengine msomaji atayapata kwenye atlasi. Mimi nimerudi na jambo moja kichwani: lugha. Nchi hiyo ina zaidi ya 800.

Kutoka Port Moresby hadi mji wa Lae hakuna barabara. Lazima upande ndege. Uwanja wake wa Nadzab uko ndani ya bonde la mto Markham, na mtu wa Naivasha akishuka pale atahisi yuko Bonde la Ufa: nyasi, ng'ombe, milima imesimama kaskazini. Hapo ndipo kwa Waadzera. Ni watu 30,000 hivi, na bado mtaalamu Susanne Holzknecht aliorodhesha lahaja sita za lugha yao mwaka 1989.

Kando ya barabara mama mmoja alikuwa akiuza karanga zenye mashina yake na popoo za kutafunwa kwa chokaa, kama tambuu ya Mombasa. Wateja aliwahudumia kwa Tok Pisin, lugha ya pamoja ya nchi hiyo, kisha akamgeukia mwanawe kwa Kiadzera. Nilisimama nikisikiliza. Kiadzera kina vokali tatu tu: a, i, u. Katikati ya neno, m na p hutamkwa kwa pumzi moja, vivyo hivyo n na t. Hesabu ya jadi ina moja na mbili. Tatu ni mbili na moja, nne ni mbili na mbili. Na lugha hii ni ya ukoo mmoja na Kimalagasi cha Madagascar, jirani zetu!

Miaka ya 1990 serikali yao iliruhusu watoto waanze shule kwa lugha ya mama. Mwaka 2013 ikarudisha Kiingereza. Sisi je? Hapa Naivasha mashamba ya maua yamekusanya wazazi wa kila kabila, na watoto wao wengi hawawezi kumwamkia nyanya yao kwa lugha yake. Waogiek wa Mau wako kaunti hii hii ya Nakuru, na wengi wetu hatujawahi kusikia sentensi moja ya Kiogiek.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ilinde lugha za Wakenya. Mzazi mwenzangu, usiingojee. Wasemeshe wanao leo jioni.