Kufunga Punda Wawili Kwenye Gari

Wazee husema shukrani ya punda ni mateke. Lakini, mkulima, kabla hujamlaumu punda wako, inua matandiko yake utazame kama hana kidonda.

Katika skimu nyingi punda hutiwa nira ya ng'ombe. Hilo ni kosa. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu yake. Punda hana nundu, naye huvuta kwa kifua. Nira humchubua shingo, na punda mwenye kidonda hafikishi maziwa sokoni.

Chagua punda wawili wa kimo kimoja. Kila mmoja mfanyie mkanda wa kifua wa ngozi au turubai, upana wake sentimita 8 hadi 10. Ukae chini ya koo, usimzuie pumzi. Ongeza mkanda wa nyuma, juu ya mapaja, wa kuzuia gari kwenye mteremko. Usitumie waya wala kamba nyembamba.

Wakati wa kufunga, mtu mmoja asimame mbele awashike. Kwanza tia hatamu, pili wafunge kwenye mti wa gari, mwisho funga minyororo ya kuvutia. Wakati wa kufungua anza na minyororo, kisha mti, na hatamu mwisho kabisa. Punda aliyefungwa minyororo bila mti akishtuka, atalikokota gari wala hataweza kulizuia.

Jioni papasa kifua na mabega. Ukiona manyoya yamenyonyoka, rekebisha mkanda na umpumzishe punda mpaka apone.