Mkazo na Pumzi katika Uimbaji wa Kiswahili: Funzo la Njia ya Misafara ya Tabora

Makala haya yanaeleza kanuni mbili za msingi za uimbaji, yaani utawala wa pumzi na uwekaji wa mkazo, kwa kuzingatia historia ya uimbaji wa pamoja mkoani Tabora. Hoja yake ni kwamba kasoro inayosikika mara kwa mara katika nyimbo za ibada zilizotafsiriwa haitokani na udhaifu wa wanakwaya, bali na tuni zilizotangulia maneno.

Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa njiapanda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo: tawi moja likaelekea Ujiji, jingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30 kila mmoja, na wasafiri kama Richard Burton, aliyefika huko mwaka 1857, waliandika kuhusu kuimba kwao. Mwenye mzigo mabegani hawezi kushikilia pumzi kwa muda mrefu. Uimbaji wa kuitikiana huondoa tatizo hilo: kirangozi anapoimba, kundi huvuta pumzi, kundi linapoitikia, naye hupumua. Isitoshe, Kinyamwezi ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana, hivyo mtungaji hawezi kuunda tuni bila kuyasikiliza maneno.

Wamisionari walileta utaratibu mwingine. Wamoravian, waliopokea kituo cha Urambo kutoka kwa Shirika la Misioni la London mwaka 1898, walikuja na urithi wa nyimbo za sauti nne. Hapa tuni ilikuwa tayari, na mfasiri alitakiwa kuijaza kwa silabi.

Ugumu wa kazi hiyo ni wa kiisimu. Tuni nyingi za Ulaya huanza kwa pigo dhaifu na kumalizia mstari kwa pigo zito. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi ya mwisho ni nyepesi. Tuchukue mstari huu wa mfano wenye mizani nane: *Ee Mungu wetu u mwema*. Mapigo mazito yanaangukia silabi ya 2, 4, 6 na 8. *Mungu* na *wetu* zinatamkika vizuri, lakini mwishoni kwaya inalazimika kuimba *mweMA*. Tukisema *Ee Mungu wetu wa rehema*, mizani inakuwa tisa, pigo la mwisho linaangukia *he*, na *ma* inashuka polepole kama katika usemi wa kawaida. Tofauti ni noti moja tu nyepesi.

Jambo hili si la urembo pekee. Neno *barabara* lenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia. Mkazo ukihamia silabi ya pili, maana inakuwa sawasawa. Mkazo uliopotoka humfanya msikilizaji atafute neno lililokwisha kupita.

Hati ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ilitaka muziki wa jadi wa watu upewe nafasi stahiki katika ibada. Kwa Wakatoliki, mtungaji alipata idhini ya kuanza na maneno.

Mwalimu wa kwaya anaweza kuanza hapo hapo. Kwanza, wanakwaya wasome shairi kwa sauti ya kawaida huku wakipiga makofi kwenye silabi zenye mkazo. Pili, maneno yalinganishwe na mapigo ya tuni. Pale yanapogongana, noti ya mwisho igawanywe ili silabi yenye mkazo ipate pigo zito. Tatu, pumzi ivutwe mwishoni mwa kirai, kamwe si katikati ya neno: mbavu zipanuke, tumbo litangulie kidogo mbele, mabega yatulie. Nne, silabi ya mwisho ipunguzwe nguvu bila kumezwa.

Waumini wengi huyapokea maneno ya wimbo kwa sikio tu, bila kitabu mkononi. Kwao, mkazo ukipotea, neno limepotea. Wapagazi waliimba kwa kipimo cha pumzi zao na kwa lugha yao wenyewe. Kwaya ya leo haina sababu ya kuomba pungufu ya hapo.