Ugonjwa wa Ukoo Si Laana

Sikonge panajulikana uchungu wa mgonjwa kukimbiwa na watu wake. Katika hospitali ya Kanisa la Moravian, kiasi cha kilometa 70 kusini mwa mji wa Tabora, walitunzwa kwa miaka mingi watu wenye ukoma. Wengi waliamini ukoma ni laana ya ukoo. Haikuwa hivyo. Mwaka 1873 daktari Hansen wa Norway aligundua vijidudu vinavyouleta, na leo ukoma unapona kwa vidonge.

Lakini upo ugonjwa ambao kweli huweza kuandama ukoo, nao pia si laana. Ni saratani ya kurithi. Tunaizungumza mwezi huu kwa sababu wakati mwingine hujitokeza kwenye njia ya mkojo, mahali ambapo wengi wetu tunaona haya kupataja.

Fundi cherehani aliyejua

Mwaka 1895, huko Michigan, Marekani, mwanamke mmoja fundi cherehani alimwambia Dakta Aldred Warthin kwamba anatazamia kufa mapema, kwa kuwa watu wa kwao hufa kwa saratani ya tumbo au ya viungo vya uzazi. Daktari hakumcheka. Aliandika habari za ukoo ule na kuzitangaza mwaka 1913. Mama yule alifariki kwa saratani ya mfuko wa uzazi, kama alivyohofu.

Dakta Henry Lynch aliendeleza kazi hiyo tangu miaka ya 1960, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Hata mwaka 2000 wataalamu walikuta kasoro yenyewe katika ukoo wa fundi yule: jeni iitwayo MSH2.

Mwili hunakili chembe zake kila siku, na makosa hutokea. Zipo jeni ambazo kazi yake ni kusahihisha, kama mwalimu na daftari la mtoto. Mtu akirithi jeni ya kusahihisha iliyoharibika, makosa hulimbikizana na saratani huweza kuanza angali kijana. Huanza zaidi katika utumbo mpana na mfuko wa uzazi, lakini pia katika figo na mrija unaoshusha mkojo hadi kwenye kibofu. Mzazi mwenye kasoro hii, baba au mama, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na si kila aliyeirithi ataugua.

Damu kwenye mkojo

Kwetu mtu akikojoa damu, wazo la kwanza ni kichocho. Ni wazo jema, na kichocho cha miaka mingi nacho huweza kuleta saratani ya kibofu. Wanawake wengine hudhani ni hedhi tu. Lakini dawa ya kichocho ikimalizika na damu ikarudi, usinywe dawa ileile mwaka mzima. Omba upimwe zaidi, hata kama huna maumivu, hata kama damu imekatika yenyewe.

Saratani nyingi za njia ya mkojo si za kurithi. Sigara ndiyo chanzo kikubwa, jambo la kukumbukwa katika wilaya inayolima tumbaku. Daktari hushuku urithi hasa mgonjwa akiwa hajafika miaka 60, au yeye ama ndugu wa karibu aliwahi kuugua saratani ya utumbo mpana au ya mfuko wa uzazi. Hapo uvimbe uliotolewa huchunguzwa maabara kuona kama wale wasahihishaji wamo. Wakikosekana, hufuata kipimo cha damu cha jeni. Akikutwa na kasoro, ndugu zake nao hushauriwa kupima, na wenye nayo huchunguzwa utumbo mara kwa mara ili uvimbe uondolewe ungali mdogo.

Kipimo hicho hakipatikani katika kila hospitali. Lakini mlango wake ni swali lisilo na gharama: nani kwenu aliugua nini, akiwa na umri gani? Muulize bibi, shangazi na mjomba, upande wa mama na wa baba. Andika kwenye daftari, uende nalo kwa daktari.

Tunajua kinachofunga midomo. Tunaogopa watu watasema tumelogwa, au binti zetu watakosa wachumba. Lakini ukimya haumlindi binti. Humnyima nafasi ya kupimwa mapema. Wanafunzi walipomwuliza Bwana Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, aliwajibu kuwa si yeye wala wazazi wake. Kisha akamponya.

Basi, mama, kabla mwezi huu haujaisha, kaa na wazee wa kwenu uwaulize kwa upole. Watoto wako wana haki ya kujua.