Mlango wa Mshipa na Ulinzi Wake

Kila askari anajua kwamba kikosi kilicho mbali na makao yake hakiishi kwa silaha peke yake; kinaishi kwa barabara. Barabara ikikatika, chakula hakifiki, risasi hazifiki, wala majeruhi hawawezi kurudishwa nyuma kutibiwa. Ndivyo ilivyo pia katika mwili wa mgonjwa wa saratani. Dawa yaweza kuwapo, daktari akawapo na kitanda kikapatikana, lakini mishipa ya damu ya mikono ikiwa imekwisha kuharibika, matibabu yote husimama njiani.

Jambo hilo si la nchi za ng'ambo tu. Mtu akitoka katika soko la Kalerwe, kaskazini mwa jiji la Kampala, akaifuata barabara ya Gayaza kurudi mjini hadi Kubiri, hatakuwa na safari ndefu kukifikia kilima cha Mulago, ambako iko Taasisi ya Saratani ya Uganda. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1967 ikiwa kituo cha kutibu uvimbe wa taya za watoto. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago ambaye kabla ya hapo alikuwa ametumikia kikosi cha matibabu cha jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Mulago ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani kuonyesha kwamba saratani ya namna hiyo yaweza kushindwa kwa dawa peke yake, pasipo kisu. Tangu siku hizo, basi, habari ya saratani katika kilima hicho imekuwa pia habari ya sindano na mshipa.

Yafaa kueleza kwa nini mshipa huchoka. Mgonjwa wa saratani hapati dawa mara moja akaenda zake. Hupewa kwa zamu, wiki baada ya wiki au mwezi baada ya mwezi, na kila zamu hutanguliwa na kutolewa damu ya kupimwa. Kila mara mkono hufungwa, mshipa hutafutwa, sindano huingizwa. Baada ya muda mishipa huwa migumu kama kamba, mingine huziba, na muuguzi hulazimika kuchoma mara tatu au nne kabla ya kufanikiwa. Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa hizo ni kali mno. Vinkristini na doksorubisini zikivuja nje ya mshipa huiunguza nyama, zikaacha kidonda kirefu cha kupona, na pengine mkono ukapoteza nguvu zake. Mtoto aliyechomwa hivyo mara nyingi huanza kulia akiliona lango la hospitali tu. Mzazi naye, akiyatazama mateso hayo na kuihesabu nauli, huenda akaamua kubaki nyumbani. Hapo ugonjwa hushinda vita ambavyo dawa ingeweza kuvishinda.

Wataalamu waliliona tatizo hilo zamani. Mwaka 1973, katika mji wa Seattle nchini Marekani, Broviac na wenzake walieleza mrija laini wa silikoni uliopitishwa chini ya ngozi ya kifua hadi katika mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Mwaka 1979 Hickman, wa mji huohuo, aliupanua mrija huo ili uwafae wagonjwa waliokuwa wakipandikizwa uboho wa mifupa katika kituo cha utafiti cha Fred Hutchinson. Kituo hicho ndicho ambacho tangu mwaka 2008 kimekuwa kikishirikiana na Taasisi ya Saratani ya Uganda, na ambacho kilishiriki kujenga jengo lililofunguliwa Mulago mwaka 2015.

Mrija wa Hickman ulileta nafuu kubwa, lakini una udhaifu mmoja: ncha yake huning'inia nje ya kifua. Ncha hiyo hufunikwa kwa bandeji, husafishwa mara kwa mara, na haifai kuloweshwa na maji machafu. Masharti hayo ni mepesi katika nyumba yenye bomba la maji na chumba cha mtu peke yake. Lakini katika Kalerwe mambo ni mengine. Huko vyumba ni vidogo na watu ni wengi. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nsooba hufurika na maji yake kuingia katika nyumba za mabondeni. Mgonjwa anayelala katika chumba cha namna hiyo, akiwa na mrija ulio wazi kifuani, hulala jirani na hatari.

Ndiyo maana kifaa kilichokuja baadaye kina thamani ya pekee kwa watu wa hali ya kawaida. Mwaka 1982 madaktari wa Marekani, akiwamo John Niederhuber, walitangaza kifaa kinachozikwa chote chini ya ngozi. Kifaa hicho ni kama kijaluba kidogo, chenye upana wa sarafu kubwa, kilichotengenezwa kwa madini ya titani au plastiki ngumu. Juu yake pana kifuniko kinene cha silikoni, na ubavuni mwake hutoka mrija mwembamba. Daktari humtia mgonjwa ganzi, hupasua mahali padogo chini ya mtulinga, hukiweka kijaluba katika mfuko wa ngozi, kisha huupitisha mrija katika mshipa wa shingo au wa bega mpaka ncha yake ifike karibu na moyo. Hapo damu ni nyingi na hupita kwa kasi, hivyo dawa kali huchanganyika upesi na haiuunguzi ukuta wa mshipa. Jeraha likipona, hakuna kitu kinachoonekana nje ila kivimbe kidogo. Mgonjwa huoga, hufanya kazi na hulala kama watu wengine.

Siku ya dawa inapofika, muuguzi huisafisha ngozi na kuichoma kwa sindano maalumu, iitwayo sindano ya Huber, ambayo ncha yake imepindwa ili isiing'oe silikoni. Sindano ikitolewa, silikoni hujifunga yenyewe. Kifuniko hicho huweza kuchomwa hata mara elfu moja na zaidi kabla ya kuchakaa, na kifaa huweza kukaa mwilini kwa miaka.

Hata hivyo, haifai kukidhania kifaa hiki kuwa dawa. Hakiponyi saratani, hufungua njia tu. Wala hakimfai kila mtu. Mgonjwa anayehitaji dawa mara chache, na ambaye mishipa yake ni mizima, hana haja ya kupasuliwa. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu naye huhitaji njia ya namna nyingine, yenye kupitisha damu nyingi zaidi. Tena kifaa hiki ni ghali kuliko sindano ya mkononi, na katika Afrika Mashariki wagonjwa walio wengi bado hutibiwa kwa mishipa ya mikono. Daktari ndiye mwenye kupima nani akipate, na hospitali haina budi kuhakikisha kwamba sindano zake maalumu zipo daima. Kijaluba kisicho na sindano yake ni sawa na bunduki isiyo na risasi.

Lililo kubwa kuliko yote ni ulinzi. Mlango uliofunguliwa karibu na moyo ni mlango hata kwa adui, na adui huyo ni vijidudu. Kwa hiyo ziko amri ambazo hazina mjadala.

Kwanza, kifaa kisiguswe na mtu asiyefundishwa. Muuguzi wa zahanati ya mtaani, hata akiwa na nia njema, akikichoma kwa sindano ya kawaida hukitoboa kifuniko chake na kukiharibu. Pili, kila kinapochomwa, usafi uwe kamili: mikono ioshwe, glavu ziwe safi, ngozi ipakwe dawa na kuachwa ikauke. Tatu, kisipotumiwa kwa muda, kisafishwe kwa maji ya chumvi, mara nyingi pamoja na heparini, kila baada ya wiki nne au kwa kipindi alichopanga daktari. Kikiachwa, damu huganda ndani ya mrija na njia hufungika. Maji yakikataa kupita, yasisukumwe kwa nguvu, maana mrija waweza kupasuka.

Amri ya nne ndiyo inayookoa maisha ya wengi, nayo yahusu homa. Katika mitaa ya Kampala mtu akipata homa na kutetemeka, fikira ya kwanza ni malaria. Hununua vidonge dukani, hujifunika blanketi na kungoja. Kwa mgonjwa mwenye kifaa kifuani, ambaye dawa za saratani zimekwisha kuipunguza kinga ya mwili wake, kungoja huko kwaweza kuwa kifo. Huenda vijidudu vimeingia katika damu, na saa chache ndizo zinazotenganisha kupona na kufa. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku ileile, saa ileile, hata kama ni usiku wa manane, na malaria ipimwe hukohuko. Ni vivyo hivyo ngozi iliyo juu ya kifaa ikiwa nyekundu, ikitoa usaha, au mkono na shingo zikivimba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili huenda pasibaki nafasi hata ya kuujenga ukuta.

Hapa ndipo kazi ya askari inapokutana na kazi ya muuguzi. Anayempekua mtu kizuizini au katika mlango wa jengo huenda akagusa kitu kigumu chini ya mtulinga. Yafaa ajue kwamba kitu hicho chaweza kuwa kifaa cha tiba, si silaha wala mali ya magendo. Asikibonyeze wala kukivuta. Amwulize mtu huyo kwa heshima, atazame kadi yake ya hospitali ikiwa anayo, na kama ni lazima amkague mahali pa faragha, mwanamke akikaguliwa na mwanamke. Mgonjwa naye hufanya vema kuichukua kadi hiyo kila aendako.

Yafaa pia ikumbukwe mwaka 2020, wakati wa mlipuko wa virusi vya korona, ambapo magari ya watu binafsi yalizuiwa nchini Uganda na mgonjwa alihitaji idhini ya kamishna mkazi wa wilaya ili apelekwe hospitali kwa gari. Mwezi Aprili serikali yenyewe iliona haja ya kuwaruhusu wanawake wajawazito wasafiri pasipo idhini hiyo. Somo la siku zile lingalipo: ugonjwa hauheshimu saa ya kutotoka nje. Askari anayesimama barabarani usiku ni sehemu ya njia ya dawa kama ulivyo mrija wenyewe. Akimpitisha upesi mgonjwa mwenye homa, amelinda uhai; akimchelewesha bila sababu, ameifunga njia ambayo wapasuaji walitaabika kuifungua.

Askari nao huugua, na wake zao, na waume zao, na watoto wao. Aliyewekewa kifaa Kampala, kisha akahamishiwa kambi ya mbali, asiache tarehe ya kukisafisha ikapita kwa kuona haya kuomba ruhusa. Mkuu wake naye aihesabu ruhusa hiyo kuwa haki ya tiba, wala asiione kuwa uvivu.

Kutoka Kalerwe hadi Mulago ni mwendo mfupi, lakini kwa mgonjwa asiye na mshipa, asiye na nauli, au aliyezuiliwa njiani, mwendo huo waweza kuwa mrefu kuliko safari ya kwenda mpakani. Kifaa kidogo chini ya ngozi chaweza kuufupisha, mradi muuguzi, mgonjwa, jamaa zake na mlinzi wa barabara kila mmoja ashike zamu yake.