Meza Mbili, Sheria Mbili

Maonyesho ya bunduki nchini Marekani hufanyika zaidi mwisho wa wiki, katika kumbi za miji na viwanja vya maonyesho ya kilimo. Mtu hulipa kiingilio, kisha huzunguka kati ya meza zilizojaa bastola mpya, bunduki kuukuu za vita, risasi na visu. Nyuma ya meza moja yuko mfanyabiashara mwenye leseni ya serikali kuu. Meza ya jirani ni ya mtu anayeuza bunduki zake mwenyewe, pengine alizorithi kwa baba yake. Mnunuzi anaweza kupita kwa wote wawili ndani ya dakika tano, lakini atakutana na sheria mbili.

Kwa mwenye leseni ataonyesha kitambulisho na kujaza fomu namba 4473. Jina lake litapelekwa kwenye mfumo wa FBI ulioanza kazi Novemba 1998, unaotafuta kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, kama amewekewa amri ya mahakama kwa ukatili wa nyumbani, na vizuizi vingine vya namna hiyo. Mara nyingi jibu hutoka papo hapo. Kwa jirani yake, sheria ya taifa haidai ukaguzi huo. Inamkataza muuzaji kumuuzia mtu ambaye yeye muuzaji anajua, au ana sababu ya kuamini, kwamba haruhusiwi kumiliki silaha. Asiyeuliza, hajui.

Tofauti hii haikuzaliwa ukumbini. Sheria ya 1968 iliwataka wanaofanya biashara ya bunduki wawe na leseni. Ile ya 1986 ikafafanua kwamba anayeuza mara mojamoja kutoka mkusanyiko wake si mfanyabiashara. Sheria ya Brady ya 1993, iliyopewa jina la msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi mwaka 1981, ikawabebesha ukaguzi wenye leseni peke yao. Kwa hiyo wanaodhani maonyesho yana msamaha wake maalumu wanakosea: muuzaji binafsi ana uhuru uleule nyumbani kwake au kupitia tangazo la intaneti. Maonyesho huwakusanya tu wauzaji wa aina hiyo mahali pamoja.

Na hilo si dogo. Tarehe 20 Aprili 1999, wanafunzi wawili wa shule ya Columbine, Colorado, waliwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja. Bunduki tatu kati ya nne walizotumia zilinunuliwa na rafiki yao mwenye umri wa miaka 18, kwenye maonyesho, kwa wauzaji binafsi. Baadaye rafiki huyo aliwaeleza wabunge wa jimbo kwamba asingezinunua kama angetakiwa kutoa taarifa zake au kukaguliwa. Novemba 2000, takriban asilimia 70 ya wapiga kura wa Colorado waliamua kwamba kila mauzo kwenye maonyesho yawe na ukaguzi.

Wapinzani wana hoja nzito. Katika utafiti wa serikali wa 2016 kwa wafungwa waliokuwa na silaha walipotenda kosa, chini ya asilimia 1 walisema waliipata kwenye maonyesho. Tena wanahofia kwamba kukagua kila mauzo kutazaa daftari la taifa la wamiliki, jambo ambalo sheria ya 1986 inalikataza. Takwimu hiyo ya wafungwa ni sahihi, ila inaishia kwa mkono wa mwisho. Katika utafiti huohuo asilimia 43 walizipata mtaani au kwa walanguzi, na bunduki ya mlanguzi ilianza safari yake mahali fulani, mara nyingi kwa mauzo halali.

Mwaka 2013, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, pendekezo la maseneta Manchin na Toomey la kukagua mauzo yote ya maonyesho na matangazo lilipata kura 54 katika Seneti, huku zikihitajika 60. Mimi naona ukaguzi unapaswa kumfuata mnunuzi, si leseni ya muuzaji. Hilo linawezekana: mwaka huohuo Colorado iliacha kutofautisha mahali, na muuzaji binafsi anatakiwa, isipokuwa kwa mauzo machache kama ya ndani ya familia, kumpeleka mnunuzi kwa mwenye leseni akakaguliwe kwanza.